Mpini na Ufito: Istilahi za Kiswahili katika Uainishaji wa Zana na Mipini ya Mti kwa Ajili ya Ushuru wa Forodha

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi zana na mipini ya mti inavyoainishwa katika ushuru wa forodha unaotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jinsi msamiati wa Kiswahili unavyolingana au kutofautiana na uainishaji huo. Kichwa cha ushuru 44.17 kimechukuliwa kuwa mfano kwa sababu bidhaa zake ni za kawaida vijijini na sokoni, ilhali mipaka yake na vichwa vya jirani ni myembamba. Inaonyeshwa kwamba uainishaji huo hujibu maswali matatu: mti umefanyiwa kazi kiasi gani, sehemu ya zana inayotenda kazi ni ya kitu gani, na mpini unatumikia chombo gani. Maneno ya Kiswahili kama vile mpini, ufito, mbao na makali hayagawi vitu kwa maswali hayo hayo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuunda maelezo ya Kiswahili ya ushuru yatakayomsaidia mfanyabiashara mdogo bila kuvuruga maana ya kisheria.

Istilahi muhimu: forodha, uainishaji, mpini, ufito, sehemu tendaji

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Mbele ya ofisa wa forodha, hata hivyo, shoka lisilo mpini hubaki shoka, ilhali mpini usio na shoka ni bidhaa nyingine kabisa, yenye sura yake na kichwa chake katika kitabu cha ushuru. Tofauti hiyo ina matokeo. Namba ya bidhaa ndiyo inayoamua kiwango cha ushuru, kibali kinachohitajika, kigezo cha asili ya bidhaa na takwimu zitakazotumiwa na watunga sera.

Lugha ya kitabu hicho si lugha ya soko. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na ikaagiza Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Tangu hapo hadhi ya Kiswahili imepanda katika nchi wanachama. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa nafasi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Katika vituo vya mpakani kama vile Mutukula, Rusumo na Kobero, Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo muuzaji, wakala na dereva huelewana kwazo. Maelezo ya bidhaa yanaanza kwa Kiswahili mdomoni mwa mwenye mzigo, kisha yanaingia katika fomu kwa lugha nyingine. Makosa mengi ya uainishaji yanaweza kuzaliwa katika hatua hiyo fupi.

2.0 Muundo wa Mfumo na Nafasi ya Kichwa 44.17

Msingi wa ushuru wa forodha wa Jumuiya ni Mfumo Uwianifu wa Maelezo na Misimbo ya Bidhaa, unaofahamika kwa kifupi cha HS. Mkataba wake ulipitishwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, na matini zake zenye nguvu ya kisheria ni za Kiingereza na Kifaransa. Mfumo una sehemu 21 na sura zilizopewa namba hadi 97, na Sura ya 77 imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye. Tarakimu mbili za kwanza za msimbo huonyesha sura, nne huonyesha kichwa, na sita huonyesha kichwa kidogo. Mfumo hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Toleo la mwaka 2022 ndilo lililofuata lile la mwaka 2017.

Jumuiya imeongeza tarakimu mbili ili kupata msimbo wa tarakimu nane. Ushuru wake wa Pamoja wa Forodha, unaotozwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya, ulianza kutumika mwaka 2005 ukiwa na ngazi tatu za asilimia 0, 10 na 25. Ngazi ya nne ya asilimia 35 iliongezwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022. Zipo pia bidhaa nyeti zenye viwango vyake maalumu.

Sura ya 44 inahusu mti na vitu vilivyotengenezwa kwa mti. Ndani yake, kichwa 44.17 kinakusanya makundi manne: zana za mti, viwiliwili na mipini ya zana, viwiliwili na mipini ya mifagio na brashi, na kalibu za viatu pamoja na vifaa vya kuhifadhi umbo la kiatu. Kichwa hiki hakikugawanywa zaidi kimataifa, na katika kitabu cha Jumuiya kinaonekana kama 4417.00.00. Kwa kuwa makundi yote yanaishia katika msimbo mmoja, ugumu hauko ndani ya kichwa chenyewe. Uko mipakani mwake.

3.0 Maswali Matatu ya Uainishaji

Uainishaji huongozwa na kanuni sita za jumla za ufasiri. Ya kwanza inasema kwamba bidhaa huainishwa kwa maneno ya vichwa na kwa maelezo ya sehemu na ya sura. Majina ya sehemu na sura ni ya kurahisisha utafutaji tu. Kwa bidhaa zinazojadiliwa hapa, kanuni hizo na maelezo hayo yanaweza kufupishwa katika maswali matatu.

3.1 Mti umefanyiwa kazi kiasi gani?

Sura ya 44 imepangwa, kwa sehemu kubwa, kufuata safari ya mti kutoka msituni hadi kwa mtumiaji. Kuni zimo katika kichwa 44.01 na magogo katika 44.03. Kichwa 44.04 kinahusu, pamoja na mambo mengine, fimbo za mti zilizochongwa juujuu bila kukerezwa, kupindwa wala kufanyiwa kazi nyingine, zinazofaa kutengenezea bakora, miavuli, mipini ya zana na vitu kama hivyo. Mbao zilizopasuliwa kwa urefu na zenye unene unaozidi milimita 6 zimo katika 44.07. Mti uliopewa umbo moja mfululizo, kwa mfano kwa kuviringishwa au kutiwa mfuo, umo katika 44.09. Kitu kilichokamilika kuwa mpini kimo katika 44.17.

Neno mipini, kwa hiyo, linatokea katika vichwa viwili. Katika 44.04 ni kusudio: fimbo inafaa kutengenezea mpini. Katika 44.17 ni bidhaa yenyewe. Fimbo iliyokatwa, ikamenywa gome na kuondolewa vifundo iko upande wa 44.04. Fimbo hiyo ikikerezwa, ikapunguzwa upande mmoja ili iingie katika tundu la jembe, imevuka mpaka.

Kati ya hatua hizo mbili kuna kitu ambacho hakijakamilika. Hapo Kanuni ya 2(a) husaidia. Kitu kisichokamilika huainishwa kama kilichokamilika iwapo kimekwisha kupata sifa yake ya msingi. Kanuni hiyo hujumuisha pia kiumbo cha awali, yaani kitu ambacho hakiko tayari kutumika lakini kina umbo linalokaribia lile la mwisho, na ambacho, isipokuwa katika hali za nadra, hakiwezi kutumika isipokuwa kumaliziwa kuwa kitu hicho. Kipande cha mti chenye mbinuko wa mpini wa shoka, hata kama bado hakijapigwa msasa, kinaweza kufikia kipimo hicho. Kipande kilichonyooka ambacho kinaweza kuwa mpini, mguu wa kigoda au mambo ya uzio hakikifikii.

Mpini wa ufagio unaonyesha wembamba wa mpaka huu. Mti mwembamba wa mviringo ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, usiofanyiwa kazi yoyote nchani, unaweza kuangukia katika 44.09 kwa kuwa umepewa umbo moja mfululizo na una matumizi mengi. Ukichongwa ncha moja ili uingie katika kichwa cha ufagio, au ukitiwa nyuzi za kuzungushia, umetambulika kuwa mpini na nafasi yake ni 44.17.

3.2 Sehemu inayotenda kazi ni ya kitu gani?

Maelezo ya 5 ya Sura ya 44 yanasema kwamba kichwa 44.17 hakihusu zana ambazo ubapa, makali, uso wa kazi au sehemu nyingine inayotenda kazi imetengenezwa kwa vitu vilivyotajwa katika Maelezo ya 1 ya Sura ya 82. Vitu hivyo ni metali za kawaida, kabidi za metali na mchanganyiko wake na kauri, vito vilivyowekwa juu ya vitu hivyo na, kwa masharti maalumu, vitu vya kusugulia vilivyowekwa juu ya metali. Kinachopimwa ni sehemu inayogusa kazi. Uzito na ukubwa wa mti katika zana hauamui lolote.

Reki ya mti yenye meno ya mti ni zana ya mti, na imo katika 44.17. Reki yenye meno ya chuma, ingawa mpini wake wa mti ni mrefu na mzito kuliko meno hayo, imo katika 82.01. Nyundo ya mti ya seremala imo katika 44.17; nyundo yenye kichwa cha chuma imo katika 82.05. Randa ya seremala ni mfano ulio wazi zaidi. Karibu randa nzima ya kale ni mti, lakini ubapa wake ni wa chuma, kwa hiyo huainishwa katika 82.05. Bao la randa hiyo likisafirishwa peke yake, bila ubapa, ni kiwiliwili cha zana na huingia 44.17. Mbuzi ya nazi inafuata mantiki hiyo hiyo: kigoda chake ni cha mti, lakini ulimi unaokuna ni wa chuma, basi haiwezi kuwa zana ya mti kwa maana ya 44.17.

Sura ya 82 ina kanuni isiyo na mwenzake katika Sura ya 44. Maelezo yake ya 2 yanasema kwamba sehemu za metali za kawaida za vitu vya sura hiyo huainishwa pamoja na vitu ambavyo ni sehemu zake. Mpini wa chuma wa jembe, kwa hiyo, huenda pamoja na jembe katika 82.01. Mpini wa mti wa jembe hilo hilo huenda 44.17. Wa plastiki huenda 39.26. Kazi ni moja na mkono unaoshika ni mmoja, lakini sura ni tatu. Mpini wa mwanzi, kwa upande wake, unabaki 44.17, kwa sababu Maelezo ya 6 ya Sura ya 44 yanalinganisha mianzi na vitu vingine vya asili ya mti na mti wenyewe.

3.3 Mpini unatumikia chombo gani?

Si kila mshikio wa mti ni mpini wa zana. Mkono wa mwavuli na wa bakora umo katika 66.03. Kitako cha bunduki ni sehemu ya silaha na kimo katika 93.05. Ufagio uliofungwa kwa chelewa au vijiti, uwe na mpini au usiwe nao, umo katika 9603.10, ingawa mpini wa mti wa ufagio ukiwa peke yake hurudi 44.17. Vyombo vya mezani na vya jikoni vya mti vina kichwa chao, 44.19. Humo huingia mwiko, upawa, kifimbo cha kusukumia chapati na mchi wa kutwangia viungo, japokuwa mwenye jiko anaweza kuviita vyote zana zake za kazi.

4.0 Msamiati wa Kiswahili Mbele ya Maswali Hayo

Kiswahili hakina upungufu wa maneno kuhusu mti. Biashara ya miti ya mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwenda Arabuni ilikuwa na majina yake ya daraja za unene, yakiwamo fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Huo ulikuwa uainishaji kamili wa kibiashara, uliofahamika kwa mkataji, nahodha na mnunuzi. Tofauti ni kwamba ulipima unene na kazi ya ujenzi, wakati Sura ya 44 hupima kiwango cha kazi iliyofanywa juu ya mti. Ufito wa mfanyabiashara wa mikoko na fimbo ya kichwa 44.04 vinaweza kufanana kwa macho lakini si dhana moja.

Jambo la kwanza linalohitaji uamuzi ni jina la mali yenyewe. Katika matumizi ya kawaida ya leo husemwa kiti cha mbao, kijiko cha mbao, mpini wa mbao. Lakini mbao, kwa maana yake ya msingi, ni wingi wa ubao, yaani mti uliopasuliwa. Maana hiyo ndiyo inayotakiwa katika 44.07. Neno hilo likitumika pia kwa mali nzima ya Sura ya 44, msomaji atashindwa kujua iwapo mpini uliochongwa kutokana na tawi lisilopasuliwa, au uliotokana na mwanzi, umo ndani au nje. Matumizi ya pwani ya kusema kitu cha mti yanaepuka utata huo. Inafaa mti utumike kwa mali, na mbao zibaki kwa zao la msumeno.

Jambo la pili ni mpini wenyewe. Neno hili ni la jembe, shoka, kisu, nyundo na patasi. Mwavuli na sufuria kwa kawaida vina mkono. Ndoo ina utambo. Mlango una kitasa au kishikio. Kwa bahati njema, mgawanyo huu unakaribia ule wa forodha: panapofaa mpini, mara nyingi 44.17 inafaa, panapofaa mkono au utambo, kuna haja ya kutafuta kichwa kingine. Kwa hiyo kulitumia neno mshikio kwa vyote, kama baadhi ya tafsiri zinavyoweza kushawishika kufanya, kungefuta tofauti ambayo lugha tayari imeitunza. Tahadhari inahitajika kwa kipini, ambacho ni mpini mdogo na pia ni pambo la puani. Katika ankara, neno hilo peke yake halitoshi.

Jambo la tatu ni sehemu inayotenda kazi. Neno linalokuja haraka ni makali, lakini makali ni ya kitu kinachokata. Nyundo haina makali, wala reki, wala uma wa kugeuzia nyasi. Istilahi sehemu tendaji ni pana vya kutosha kubeba ubapa, makali, meno na uso wa kugongea. Kwa upande wa pili, kiwiliwili, yaani mwili usio na kichwa wala viungo, kinafaa kwa zana iliyopungukiwa na sehemu tendaji yake. Bao la randa lisilo na ubapa na fremu ya msumeno isiyo na jino ni viwiliwili kwa maana hiyo.

Jambo la mwisho ni jembe. Katika Kiswahili jembe ni bapa la chuma peke yake na pia ni bapa pamoja na mpini. Ankara yenye maneno majembe 200 haisemi ni lipi. Kwa msimbo haina madhara, kwa kuwa yote mawili huingia 8201.30. Kwa thamani na kwa idadi ya mipini iliyoambatana, utata unabaki.

5.0 Athari Mpakani

Chukulia mzigo wa kubuni wenye vichwa 100 vya majembe na mipini 300 ya mti, vikiwasilishwa pamoja. Kwa Kanuni ya 2(a), kitu kilichowasilishwa kikiwa hakijaunganishwa huainishwa kama kilichounganishwa. Mipini 100 huenda pamoja na vichwa vyake katika 82.01. Mipini 200 iliyozidi huainishwa peke yake katika 44.17. Wakala anayeandika majembe na mipini kwa mstari mmoja amekosea, na anayeitenga mipini yote 300 amekosea pia. Iwapo viwango vya vichwa hivyo viwili vinatofautiana, kosa lolote kati ya hayo hubadilisha kodi.

Kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya, ushuru wa forodha hautozwi kati ya nchi wanachama, na mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa, mradi bidhaa yake imo katika orodha iliyokubaliwa. Ingeonekana basi kwamba msimbo hauna uzito kwa mchonga mipini wa kijijini. Hali sivyo. Ili kujua kama bidhaa imo katika orodha, lazima kwanza ijulikane ni bidhaa gani. Pia mazao ya misitu hudhibitiwa kwa vibali, na fimbo zisizochongwa ziko karibu zaidi na zao la msitu kuliko mpini uliokamilika. Fundi aliyekereza mipini yake kisha ikaandikwa fito anaweza kudaiwa kibali cha bidhaa ambayo hakuibeba, na kazi ya mikono yake ikahesabiwa kuwa mali ghafi.

Asili ya bidhaa nayo huguswa. Miongoni mwa vigezo vinavyotumika sana katika kanuni za asili duniani ni kuhama kwa kichwa cha ushuru: mali ghafi ya kigeni ikibadilishwa hadi ikaingia kichwa kingine, zao linaweza kupewa asili ya nchi ilikobadilishwa. Fimbo ya 44.04 iliyogeuzwa mpini wa 44.17 imehama kichwa. Ikiandikwa mpini tangu mwanzo, kuhama huko hakuonekani katika karatasi. Takwimu pia hupotoka, na mshauri wa sera anayetaka kujua iwapo eneo linauza mti ghafi au mti uliofanyiwa kazi husoma picha isiyo ya kweli.

Sheria inatoa njia ya kuzuia mizozo ya aina hii kabla haijatokea. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, inazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi wa awali wa uainishaji kwa mwombaji aliyewasilisha taarifa zote zinazohitajika. Njia hiyo ina faida kwa yule tu anayeweza kuieleza bidhaa yake kwa sifa zinazopimwa.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Matini zenye nguvu ya kisheria zitabaki zile za Mkataba wa Mfumo Uwianifu, na namba itabaki kuwa kiungo kati ya lugha zote. Kiswahili hakihitaji kushindana na matini hizo. Kinahitaji kumwezesha mwenye mzigo kueleza alichobeba kwa namna itakayomfikisha kwenye namba iliyo sahihi. Kwa msingi huo yanapendekezwa mambo matatu.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya lugha na mamlaka za mapato washirikiane kuandaa maelezo ya Kiswahili ya sura zinazogusa biashara ndogo ya mpakani, wakianza na Sura ya 44 na ya 82. Maelezo hayo yasiwe orodha ya visawe. Kila kichwa kielezwe kwa swali linalokitenganisha na jirani yake: fimbo hii imekerezwa? meno haya ni ya chuma? mpini huu ni wa zana au wa mwavuli?

Pili, istilahi zikubaliwe kwa pamoja kabla ya kuchapishwa. Makala haya yamependekeza mti kwa mali, mbao kwa zao la msumeno, ufito au fimbo kwa mti usiokamilishwa, mpini kwa mshikio wa zana, kiwiliwili kwa zana isiyo na sehemu tendaji, na sehemu tendaji kwa ile inayogusa kazi. Maneno haya yote, isipokuwa la mwisho, yamo tayari vinywani mwa wasemaji.

Tatu, mawakala na wafanyabiashara wafundishwe kuandika katika ankara mambo manne badala ya jina tupu: mali, hatua ya kazi, chombo kinachotumikiwa na idadi. Mipini ya mti iliyokerezwa, ya majembe, 200, ni maelezo mafupi ambayo ofisa yeyote anaweza kuyaainisha. Mipini 200 peke yake ni mwanzo wa mabishano, na katika mabishano hayo mwenye kushika mpini mara chache huwa ni fundi aliyeuchonga.